Sebule ya mita 4 kwa 4, milioni nne mkononi: saundibaa ya Atmos, risiva mpya, au risiva kubwa ya Japani?

MgosiWaMikanjuni aliuliza:

Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu wote.

Ninaishi Mikanjuni, hapa Tanga mjini, katika nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na sasa imebaki sebule ambayo nimeiahidi familia kwamba itakuwa mahali pa kutazama sinema na mpira kwa raha. Sebule hiyo ina mita 4 kwa mita 4 kamili, dari la jipsamu liko mita 2.9 kutoka sakafuni na juu yake ni bati, sakafu ni ya marumaru, na madirisha mawili makubwa ya aluminiamu yanatazama magharibi. Televisheni ninayo, ya inchi 55, yenye tundu moja la HDMI lililoandikwa ARC, yaani lile linaloweza kuirudisha sauti ya televisheni kwenye spika za nje. Picha yake sina neno nayo. Tatizo ni sauti, kwa sababu mtangazaji wa mpira anasikika kama aliyefungiwa ndani ya debe.

Nimetenga shilingi milioni nne, nami nimekwishazunguka madukani hadi miguu ikavimba. Duka la kwanza walinishauri saundibaa (spika moja ndefu ya kukaa chini ya televisheni) yenye Dolby Atmos (sauti inayosikika hata kutoka juu) pamoja na sabufa yake isiyotumia waya. Duka la pili walinionyesha risiva mpya, yaani amplifaya inayozigawia spika sauti, yenye chaneli saba, spika tano ndogo na sabufa, vyote kwa pamoja. Tena kuna jamaa anayeuza risiva iliyotumika, imetoka Japani, nzito kiasi kwamba tuliiinua tukiwa watu wawili, pamoja na spika mbili za kusimama, kwa nusu ya bajeti yangu; hiyo ndiyo inayonitoa udenda, nakiri.

Niseme pia kwamba mwaka jana nilinunua sabufa ya kawaida ambayo boksi lake liliandikwa wati 12,000 PMPO (ile nguvu ya kilele ya kwenye matangazo), ikaungua mwezi wa nne. Nilipoigeuza nyuma kusoma kibandiko nikakuta imeandikwa kwamba inakula wati 60. Kwa hiyo safari hii ninauliza kabla ya kutoa fedha. Je, nichukue ipi? Je, hiyo Atmos ya kudundisha sauti darini itafanya kazi kwangu? Na je, niuze televisheni nichukue projekta?

FundiBarabaraYaTisa alijibu:

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Nianze na hiyo inayokutoa udenda, kwa sababu ndiyo inayoniletea kazi nyingi hapa Ngamiani.

Kabla hujaulizia bei, igeuze hiyo risiva usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani vinatumia volti 100, ilhali soketi yako inatoa 230. Nimekwishaletewa zaidi ya moja ambazo mwenyewe alibadilisha plagi tu, akachomeka, ukasikika mlio mmoja na harufu, basi. Ikiwa ni ya volti 100 utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapa pana mtego mwingine: nyingi zinazouzwa zinashusha hadi 110, ambayo ni asilimia kumi zaidi ya kile chombo kinachotaka, kwa hiyo kitachemka kuliko kilivyopangwa. Tafuta inayotoa 100, na uwezo wake wa wati uzidi kwa mbali kile kilichoandikwa kwenye kibandiko. Redio yake ya FM nayo itakusumbua kama zinavyosumbua redio za magari ya Japani, kwa kuwa masafa ya kule yanaanzia megahezi 76 na kuishia chini ya pale vituo vyetu vingi vinapopatikana.

Jambo la pili ni umri. Picha za 4K zenye ulinzi zinahitaji kila chombo kilichomo njiani, kuanzia kichezeo hadi televisheni, kielewe HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia picha isinakiliwe. Risiva nyingi za kabla ya mwaka 2014 haziielewi, hivyo ukipitisha picha ndani yake utapata kioo cheusi au picha iliyoshushwa hadi 1080. Hilo lina dawa: chomeka vyombo vyote kwenye televisheni, kisha urudishe sauti kwenye risiva kwa ARC au kwa waya wa optiko (unaopeleka sauti kwa mwanga). Ila ujue kwamba optiko inabeba Dolby Digital ya chaneli 5.1 (spika tano na sabufa), haibebi Dolby Digital Plus, na baadhi ya televisheni hutoa chaneli mbili tu kupitia tundu hilo hata kama sauti iliyoingia ilikuwa kamili.

Hizo spika mbili za kusimama zibonyeze kwa kidole pale pembezoni mwa koni. Kama ule mkunjo ni wa sponji, unyevu wa pwani huusaga ukawa unga, na mara nyingi unakuta umekwishaanza kumomonyoka huku nje spika inang'aa kama mpya. Kama ni wa mpira, hiyo ni mali. Halafu mulika tochi ndani ya lile tundu la hewa la besi. Usicheke: wiki iliyopita nilitoa kiota cha panya na mijusi wawili ndani ya spika moja ya gharama kubwa ya mteja wangu wa Raskazone. Siku hizi ninashonea kipande cha chandarua hapo, hewa inapita na wadudu hawapiti.

Kuhusu wati, tayari umejifunza kwa fedha yako. Chombo kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kukupa 12,000 hata kwa dua. Hata risiva za heshima huandika wati 100 kwa chaneli huku zimepimwa zikiendesha chaneli mbili tu, na wakati mwingine moja. Zikiwaka zote saba, kila moja inapata pungufu kabisa. Lakini usihangaike nalo, kwa sababu kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Spika yenye wepesi (yaani sauti inayoitoa) wa desibeli 88 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1 itakutosha kwa mazungumzo ya sinema ikiwa inakula wati moja au chini ya hapo. Zilizobaki ni kwa ajili ya milipuko.

Ushauri wangu ni huu: chukua risiva mpya ya duka la pili, lakini ziache zile spika tano ndogo. Nunua spika tatu za mbele zilizo nzuri, yaani kushoto, kulia na ya kati, pamoja na sabufa moja ya kweli. Spika ya kati ndiyo inayobeba maneno, ndiyo itakayomtoa mtangazaji wako kwenye debe. Za nyuma utaongeza Mungu akijaalia, nazo nafasi zake zitakuwa zinakusubiri kwenye risiva.

Usinunue waya wa spika kwa maneno ya muuzaji. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa chumvi ya upepo wa hapa italika kwenye maungio. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa kuunganishia soketi za nyumba, unatosha kwa mita chache za sebule yako bila wasiwasi.

La mwisho ni umeme. Weka stabilaiza, na wakati wa masika ukisikia radi chomoa plagi pamoja na waya wa dishi, kwani watu wengi huchomoa umeme wakausahau waya wa dishi, na radi ikaingilia huko. Na mama wa nyumbani aambiwe kwa heshima kwamba kile kitambaa cha kudarizi hakikai juu ya risiva. Matundu yale ni pua zake.

KaptenWaSahare alijibu:

Namheshimu sana fundi, lakini naona tunampeleka ndugu yetu mbali kuliko alikouliza. Mimi nilikuwa na risiva na spika tano. Nilipohama nyumba ya kupanga mara mbili ndani ya miaka mitatu nikachoka kuvuta waya chini ya mazulia ya watu, nikauza vyote, nikachukua saundibaa. Mke wangu anaiwasha kwa rimoti moja, watoto hawajikwai, na maneno yanasikika vizuri.

Kuhusu Atmos, itafanya kazi kwa sharti la dari. Saundibaa hizi zina spika ndogo zinazotazama juu, zinarusha sauti darini ili irudi masikioni kana kwamba imetoka huko. Inatakiwa dari tambarare, gumu, lisilo refu sana. Ndugu yetu ana jipsamu katika mita 2.9, kwa hiyo yumo. Shemeji yangu kule Pangani alinunua kama yangu akaiweka kwenye banda la makuti. Sauti ikapanda juu, ikanyonywa na makuti, haikurudi hadi leo.

Wala asitishwe na kukosa eARC, ile ARC mpya inayobeba sauti nzito zaidi. Sinema za kwenye intaneti huleta Atmos ndani ya Dolby Digital Plus, nayo ARC ya kawaida inaweza kuibeba ikiwa televisheni yenyewe inaipitisha. eARC inakuwa ya lazima kwa wenye diski za Blu-ray zenye Dolby TrueHD wanaozichomeka kwenye televisheni, nao sisi hapa Tanga tunahesabika kwa vidole.

BintiMkonge alijibu:

Kaka yangu wa Mikanjuni, wote wawili wamekujibu vyema kuhusu vyombo, lakini hakuna aliyekigusa chumba, na mimi nilipoisoma ile mita 4 kwa mita 4 nilishika kichwa.

Chumba cha mraba ndicho kigumu kuliko vyote kwa besi. Sauti kwa joto letu husafiri takriban mita 348 kwa sekunde; igawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 8, unapata hezi (mitetemo kwa sekunde) 43 na nusu. Hilo ndilo wimbi linalotoshea kati ya kuta zako mbili zinazotazamana, na kwa kuwa kuta nyingine mbili nazo ziko mita 4, wimbi lile lile linatoshea tena upande wa pili. Matokeo yake noti moja ya besi inavuma kama pipa huku noti za jirani yake zikipotea. Ukikaa umeegemea ukuta wa nyuma, kama tunavyopanga makochi yetu wote, unakaa pale pale linapovuma zaidi. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, wimbi hilo linatoweka na utadhani sabufa imezimwa.

Kwa hiyo lisogeze kochi mbele hadi masikio yawe kiasi cha theluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa nyuma, yaani kama mita 1.3. Najua mama atauliza kwa nini kochi limesimama katikati ya nyumba. Mwambie nyuma yake patapita watu. Hapo utakuwa mita 2.7 kutoka kwenye televisheni, umbali ambao siku ukitaka kubadilisha unaipokea inchi 65 vizuri kabisa, kwa kuwa kipimo kinachotumiwa na wengi ni mara 1.6 ya ule ulalo wa kioo.

Projekta achana nayo. Madirisha yako yanatazama magharibi, na mechi zetu nyingi zinaanza saa kumi jioni jua likiwa linaingia ndani. Projekta haiwezi kuchora rangi nyeusi; weusi wake ni ule ule wa kitambaa kikiwa hakijamulikwa, na kitambaa kilichopigwa na jua ni cheupe. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2, inavutia usiku, lakini mchana utakuwa unasikiliza mpira wa redio.

Sasa marumaru. Piga kofi moja sebuleni kwako kabla hujaingiza samani, halafu usikilize: kama unasikia mlio mwembamba unaotetemeka kama waya wa baiskeli uliopigwa, huo ndio utakaomla mtangazaji wako hata ukinunua spika za milioni kumi. Sisi watu wa Tanga hatuna sababu ya kuagiza sponji kutoka nje wakati tumezungukwa na mkonge. Mimi nilinunua zulia nene la mkonge nikalitandika kati ya kochi na televisheni, kisha nikamwomba seremala anitengenezee fremu nne za mbao zenye kina cha sentimita 10, nikazijaza sufi iliyochambuliwa, nikazifunika kanga za zamani za marehemu bibi, nikazitundika zikiwa zimeachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Mbili zilikwenda kwenye kuta za pembeni, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye kochi angeiona spika ikiwa ungepitisha kioo cha kujitazamia ukutani. Mbili zikaenda nyuma. Haziondoi uvumi wa hezi 43, maana huo ni mrefu mno kwa unene huo, lakini mlio wa waya wa baiskeli uliisha siku ile ile, na wageni hudhani ni mapambo.

Kwa uvumi wa besi, fanya mchezo huu. Iweke sabufa juu ya kochi, pale utakapokaa wewe, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha utambae sakafuni kwa magoti kuzunguka kuta zote. Utafika mahali kila noti inasikika kwa nguvu sawa. Hapo ndipo sabufa inapokaa, hata kama si mahali pazuri kwa macho. Baada ya hapo ndipo uiache risiva ipime kwa maikrofoni yake, na uziwekee spika za mbele mpaka wa hezi 80 ili vilivyo chini ya hapo viende kwenye sabufa.

Bati siwezi kulisaidia. Mvua ikija, weka sinema kwenye pozi, mnywe chai.

MgosiWaMikanjuni alijibu:

Shikamoo mzee wangu fundi, na ahsanteni sana Kapteni na dada BintiMkonge. Nimechelewa kurudi kwa kuwa niliamua kwanza kuyafanya mliyoniambia.

Risiva ya Japani nimeikosa kwa hiari yangu. Kibandiko kinasema volti 100 kama ulivyosema fundi, na nilipozibonyeza spika zake kidole kilizama. Unga mweusi ukabaki kwenye ukucha. Mwenye mali alininunia kidogo. Kofi nimelipiga, na mlio wa baiskeli upo, mkubwa kuliko nilivyotarajia. Mtoto wangu mdogo sasa anapiga makofi sebuleni kutwa nzima. Kapteni, saundibaa ingenifaa ningekuwa napanga, lakini nyumba ni yangu na waya nitaupitisha kwenye bomba kabla ya kupaka rangi, kwa hiyo ninaelekea kwenye spika tatu na sabufa.

Sabufa nimeazima kwa jirani, nikatambaa nayo jana usiku baada ya Isha, mke wangu akicheka mlangoni. Pembeni karibu na dirisha ilivuma kupita kiasi, chini ya televisheni ikawa hafifu. Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye ukuta wa kulia, kama mita moja kutoka kona ya nyuma, ambapo noti zote zilisimama sawa. Tatizo ni kwamba hapo ndipo lilipo friza la mke wangu la barafu za ukwaju, naye ameniambia waziwazi kwamba friza linaingiza fedha kila siku na sabufa haiingizi. Je, nikiiweka sabufa mbele ya friza, au upande wa pili katika nafasi ile ile, nitapoteza nini?

FundiBarabaraYaTisa alijibu:

Marahaba. Jaribu kwanza ukuta wa kushoto katika umbali ule ule kutoka kona. Chumba chako ni cha mraba, na kama hakuna mlango au dirisha linaloharibu ulinganifu huo utasikia karibu vile vile. Tambaa tena uhakikishe. Mbele ya friza usiiweke, mlango wake utakuwa unagonga sabufa kila mteja anapoitisha barafu.

Ila friza lenyewe lipewe soketi ya njia yake, mbali na ile ya risiva, popote litakapokaa. Kompresa ikiwaka umeme unashuka kwa kufumba na kufumbua, nawe utasikia spika zikigonga "tap" katikati ya mazungumzo, halafu utaniletea risiva nzima ukidhani imeharibika. Umesema hujapaka rangi; basi mwite fundi umeme wiki hii avute njia ya pili wakati mfereji wa bomba ungali wazi. Ukipita kesho baada ya Alasiri nitakupa vipande viwili vya waya, wa shaba na wa kupakwa, ukwangue mwenyewe uione tofauti kabla hujaenda dukani.